Pampu Imefungwa Upya, Kamba Inanyang'anya Mkono: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa la Taimingi

Chini ya meza yangu hapa Igoma, Mwanza, kuna pampu tatu za maji, na zote zina kisa kimoja. Zilikuwa zinamwagilia, zikachoka, zikafunguliwa, zikawekwa ringi mpya na gasketi mpya, na tangu siku hiyo hazijakaa sawa. Ya kwanza inanyang'anya kamba mkononi. Ya pili inawaka dakika mbili tatu, silensa inaiva nyekundu, inazima. Ya tatu haina habari kabisa. Walioleta hawajuani, lakini wote wamesema neno moja: "Fundi, hii ni taimingi." Yaani wakati wa kutoka moto au wa kufunguka valvu haulingani na mwendo wa pistoni.

Mwongozo huu ni wa pampu za inchi mbili na inchi tatu, zile zinazovuta maji ya Ziwa Victoria kwenye nyanya na kabichi kuanzia Kayenze mpaka Magu na ng'ambo ya Sengerema. Ninazungumzia Honda GX160 yenye ujazo wa cc 163, pamoja na za Kichina za nguvu farasi 5.5 na 6.5 zilizoigwa kutoka kwake. Vipimo nitakavyotaja ni vya GX160. Kama una kijitabu cha mashine yako, kifuate hicho.

Kabla ya kushika spana, elewa jambo hili moja, maana hapa ndipo wengi wanapopotelea. Kwenye mashine hizi taimingi ya moto haisetiwi. Hakuna bolti ya kuzungusha wala distributa ya kusogeza kama gari la zamani. Moto unatoka pale sumaku ya flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya kava la kamba) inapopita mbele ya koili (kifaa kinachotengeneza umeme wa plagi), na mahali pa sumaku hiyo pamewekwa na kipande kidogo cha chuma kinachoitwa kii. Basi taimingi ikihama, ujue kuna kitu kimekatika, kimelegea au kimefungwa vibaya. Kazi yako ni kukitafuta. Nimeshaletewa koili iliyotanuliwa matundu kwa tupa ili "isogee kidogo", na aliyeifanya hivyo aliniambia kwa fahari kabisa.

Tena taimingi ziko mbili. Kuna ya moto, inayotoka kwenye flaiwili, na kuna ya valvu, inayotoka kwenye gia za ndani. Dalili zake zinafanana, dawa zake hazifanani. Ya moto unaiona bila kufungua tumbo la mashine. Kwa hiyo tunaanza nje, na ndani tutaingia tu kama nje kumethibitika kuwa sawa.

## Vitu vya kuandaa

- Soketi namba 10, 12 na 19 (ya 19 ni ya nati ya flaiwili), na spana ya plagi
- Pula ya flaiwili
- Fila, yaani vile visahani vya kupimia nafasi, yenye milimita 0.15, 0.20 na 0.40
- Plagi mpya ya aina ileile (GX160 inatumia NGK BPR6ES)
- Kii mpya ya flaiwili. Bei yake haifiki hata ya soda chache, nunua mbili
- Waya wa umeme wa nyumba wa 2.5, wa nyuzi moja, ukiwa na ganda lake, kama sentimita 20
- Futi ya fundi cherehani na kalamu nyeupe au rangi ya kucha
- Msasa laini, kitambaa kikavu, petroli kidogo kwenye kikopo
- Mkanda wa feni wa zamani wa kushikilia flaiwili
- Gasketi ya kava la pembeni, ukiiweka akiba

Kuhusu pula: wengi wanasema haina haja, nyundo inatosha. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilisema hivyohivyo. Niligonga ncha ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), nyuzi zikafumuka, nati haikupanda tena, na mwenye mashine alikuwa na miche ya kabichi ya wiki mbili inakauka. Krenki ile nilinunua mimi.

Tahadhari. Funga bomba la mafuta na utoe kofia ya plagi kabla ya kushika kitu chochote kinachozunguka. Usijaribu moto wa plagi karibu na kikopo cha petroli. Usiiwashe mashine ndani ya chumba au banda lililofungwa. Moshi wake unaua bila kunuka sana. Na petroli uliyooshea vyuma usiimwage ufukweni.

## Hatua ya 1: Ijue dalili kabla ya kufungua

Vuta kamba mara chache na usikilize. Moto unaotakiwa kwenye mashine hizi hutoka digrii 20 hadi 25 kabla pistoni haijafika juu kabisa, mahali ambapo sisi tunapaita topu. Hicho kinafasi kidogo kinaipa petroli muda wa kushika moto vizuri pistoni inapoanza kushuka.

Moto ukitoka mapema mno, petroli inalipuka pistoni bado inapanda. Inasukumwa irudi, na kamba inakunyang'anya mkono. Vidole vinauma kweli. Hiyo ndiyo mashine yangu ya kwanza.

Moto ukichelewa, petroli inaendelea kuungua valvu ya ekzosi (ya kutolea moshi) ikiwa imeshafunguka. Mashine haina nguvu, silensa inaiva, inapiga milio kama ya fataki kwa nyuma. Hiyo ni ya pili.

Ikitema kwa mbele, kupitia kabureta, usikimbilie flaiwili. Mara nyingi hapo ni valvu ya inteki (ya kuingizia hewa na petroli) isiyofunga, gia za ndani, au mafuta yanayofika kidogo kwa sababu jeti ya kabureta imeziba. Safisha kabureta kwanza, ni kazi ya dakika ishirini.

Na ikiwa kimya kabisa, bado hujui chochote. Nenda hatua ya pili.

## Hatua ya 2: Hakikisha moto upo

Toa plagi, weka mpya yenye nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8, ivalishe kofia yake. Chuma cha plagi kiguse chuma cha injini, mbali na tundu la plagi. Tundu hilo linapumua mvuke wa petroli, na cheche ikiwa jirani, nyusi zako ndizo zitakazolipa. Vuta kamba ukiwa kivulini. Unatafuta cheche ya bluu inayosikika ikipiga *ta, ta, ta*. Ya njano na nyembamba ni dhaifu.

Kama hakuna moto, usinunue koili bado. Kutoka kwenye koili kuna waya mwembamba mweusi unaokwenda kwenye swichi ya kuzimia. Swichi inazima mashine kwa kuugusisha waya huo na bodi (chuma cha injini). Kwenye mashine zenye kinga ya oili, kifaa kilicho ndani ya tumbo hufanya hivyohivyo oili ikipungua. Basi chomoa waya huo pale kwenye koili, uache unaning'inia, uvute tena.

Moto ukirudi, koili ni nzima. Kosa liko kwenye swichi, kwenye kifaa cha oili, au waya umebanwa mahali. Mashine yangu ya tatu ilikuwa hivyo. Aliyeifunga aliubana waya chini ya kava la flaiwili, bolti ikaukata ganda, shaba ikagusa bodi. Mwenyewe alikuwa tayari ameshauziwa koili mbili.

Kumbuka: ukiwasha waya ukiwa umechomolewa, swichi haitazima. Zima kwa kufunga mafuta au kwa kufunga choki.

Moto usiporudi hata waya ukiwa umechomolewa, pima nafasi ya koili (hatua ya 4) kabla ya kuihukumu.

## Hatua ya 3: Ng'oa flaiwili, itazame kii

Hapa ndipo mashine nyingi zinapoponea, kwa hiyo usiharakishe.

Fungua kava lenye kamba, kisha kikombe cha starta. Zungushia flaiwili ule mkanda wa feni uishikilie. Usichomeke bisibisi katikati ya mapezi ya feni. Ni ya kuvunjika, na pezi moja likikatika flaiwili inatetemesha mashine nzima. Legeza nati ya 19 mpaka iwe sawa na ncha ya krenki, usiitoe. Inazilinda nyuzi. Funga pula, kaza taratibu, na ikikaza sana igonge bolti ya pula kidogo. Flaiwili itaachia kwa mlio mmoja mkavu. Sasa toa nati, uinyanyue.

Kii ina umbo la nusu mwezi na imelala kwenye mfereji wa krenki. Itoe, iweke kiganjani, isogeze juani. Kii nzima ina mbavu zilizonyooka kama kingo za rula. Iliyoumia ina mstari katikati, nusu ya juu imesogea, ukipitisha ukucha unakwama kama kwenye ngazi ndogo. Ngazi hiyo hata ikiwa nyembamba kiasi gani, kii ni ya kutupa.

Kwa nini kitu kidogo hivyo kisumbue? Piga hesabu. Koni ya krenki ikiwa na kipenyo cha milimita 20, mzunguko wake ni kama milimita 63. Kii ikihama milimita moja tu, sumaku imehama karibu digrii 6. Kwenye moto wa digrii 25, sita si kidogo.

Tazama pia imehamia upande gani, kwa sababu hapo ndipo utakapojua kilichoiumiza. Mashine ikisimamishwa ghafla, kwa mfano jiwe limeingia kwenye pangaboi la pampu, krenki inasimama lakini flaiwili ni nzito, inaendelea mbele. Sumaku inatangulia, moto unawahi. Nati ikiwa legelege, mambo yanageuka: mlipuko unairusha krenki mbele, flaiwili inabaki nyuma, moto unachelewa.

Mashine ya kwanza kii yake ilisukumwa mbele. Nikamuuliza mwenyewe kuhusu chujio la mpira wa kuvutia, akacheka: lilipotea Kayenze, akafunga kitambaa. Nikamuuliza kamba ilianza kunyang'anya lini. "Hata kabla hatujaifungua." Kumbe ringi hazikuwa na kosa. Jiwe lilikata kii, mashine ikapoteza nguvu, ikafunguliwa tumbo zima, ikafungwa ringi mpya, na kii ileile iliyokatika ikarudishwa mahali pake.

Ya pili ilikuwa kinyume. Nati ilikazwa kwa spana ya kawaida, kwa nguvu ya kiwiko, na flaiwili ilitoka bila hata kuhitaji pula.

Usifanye hivi: usichonge kii kutoka kwenye msumari au bolti ngumu. Kii haibebi nguvu. Kazi yake ni kuonyesha mahali tu. Kinachoishika flaiwili ni koni kubanana na koni. Ukiweka chuma kigumu, jiwe la kesho litapasua mfereji wa krenki badala ya kukata kii ya bei rahisi.

## Hatua ya 4: Irudishe flaiwili, weka nafasi ya koili

Safisha koni ya krenki na tundu la flaiwili kwa petroli, zifute mpaka zikauke. Oili wala grisi isikaribie hapo. Koni yenye mafuta inateleza, na ikiteleza kii inakatwa siku hiyohiyo.

Jaribio ninalolipenda: paka koni ya krenki wino wa kalamu nene, vaa flaiwili bila kii, ikandamize na uizungushe robo mzunguko, kisha itoe. Wino ukiwa umefutika karibu pote, zimekumbatiana vizuri. Ukifutika kwenye pete nyembamba tu, kuna donge la kutu au ukingo wa mfereji uliovimba. Ulainishe kwa msasa kidogo kidogo, rudia. Flaiwili iliyopasuka kwenye mfereji wake usiipe nafasi ya pili, hata kama mwenyewe anakubembeleza.

Huku kwetu pampu inalala hatua chache kutoka majini, na unyevu wa ziwa hauchezi. Uso wa sumaku na miguu ya koili hushika kutu ya kahawia. Ikwangue kwa msasa laini, ufute ule unga wa chuma unaonata kwenye sumaku, la sivyo utasaga koili.

Weka kii mpya, ikae sambamba na koni, isiinue kichwa. Vaa flaiwili, hakikisha kii haikusukumwa nyuma, kaza nati kwa Nm 75. Kama huna spana ya kupimia, chukua mpini wa sentimita 30: nguvu inayotakiwa mwishoni mwa mpini ni kama kuning'iniza nusu mfuko wa saruji, kilo 25 hivi. Vidole na kiwiko havifiki huko.

Sasa koili. Zungusha flaiwili mpaka sumaku iwe mbali nayo, legeza bolti mbili za koili, chomeka fila ya 0.40 katikati, leta sumaku mbele ya koili uiache iivute yenyewe, kaza bolti. Kipimo kinachokubalika ni milimita 0.2 hadi 0.6, na miguu yote miwili iwe sawa. Kama huna fila, kadi ngumu ya biashara inakaribia. Kadi ya benki usiitumie: unene wake ni milimita 0.76, umeshapita kipimo.

Nafasi kubwa inafanya moto kuwa dhaifu hasa wakati wa kuvuta kamba, maana flaiwili bado inakwenda polepole. Ndiyo maana mashine "inagoma asubuhi" lakini ikiwaka inakwenda.

Utajua umefanikiwa: flaiwili inazunguka mizunguko miwili bila kugusa koili popote, na cheche ni ya bluu kwa mvuto wa kawaida.

## Hatua ya 5: Tafuta topu kwa uhakika, uthibitishe

Kama kii mpya imeondoa tatizo, ruka hadi hatua ya 8. Kama una mashaka, au flaiwili ilinunuliwa mkononi na huna hakika ni ya mashine hii, pima.

Kosa la kawaida ni kuchomeka kitu kwenye tundu la plagi na kusema "hapa ndipo juu". Pistoni ikikaribia juu, krenki inaweza kuzunguka digrii kadhaa pistoni ikionekana kama imesimama. Ukikisia kwa jicho, umeshakosea. Fanya hivi.

Funga kipande cha waya kwenye bolti ya koili, ncha yake ielekee ukingo wa flaiwili. Huo ni mshale wako, usiguswe tena. Chomeka ule waya wa 2.5 kwenye tundu la plagi, uukunje kidogo ufuate mteremko wa tundu mpaka uguse kichwa cha pistoni. Nachagua waya huu kwa sababu haukatiki ukabaki ndani kama njiti ya kibiriti, na ganda lake halichubui silinda.

Zungusha flaiwili kwa mkono kufuata njia yake. Ukiitazama flaiwili uso kwa uso, inazunguka kama mshale wa saa. Pistoni ikipanda, waya unapanda. Simama kabla haijafika juu, weka alama kwenye waya pale unapolingana na ukingo wa tundu, na alama kwenye flaiwili mbele ya mshale. Iite A. Endelea kuzungusha. Waya utapanda, utatulia, utaanza kushuka. Alama ya waya ikirudi palepale ukingoni, simama, weka alama ya pili kwenye flaiwili, B. Topu iko katikati kabisa ya A na B. Pima kwa futi, ugawe kwa mbili, weka alama T.

Halafu zungushia flaiwili ile futi ya cherehani. Tuseme mzunguko wake ni sentimita 54. Gawa kwa 360, zidisha kwa 25, unapata sentimita 3.75. Kutoka T, pima sentimita hizo kuelekea upande inakozunguka flaiwili, weka alama M. Usipime upande mwingine. M lazima iufikie mshale kabla ya T.

Zungusha polepole mpaka M iwe mbele ya mshale. Sumaku inatakiwa iwe mbele ya koili. T ikifika kwenye mshale, sumaku iwe imeshaanza kuipita koili. Ikiwa T imefika na sumaku bado haijaigusa koili, au imeshaiacha mbali, flaiwili hiyo si ya krenki hiyo, au mfereji umeharibika.

Mwenye taa ya taimingi anaweza kwenda mbele zaidi: plagi nje imegusishwa bodi, drili kwenye nati ya flaiwili, zungusha kulia, mulika. Alama M ionekane imesimama karibu na mshale. Kwa kazi ya kila siku sijawahi kuihitaji zaidi ya mara mbili.

## Hatua ya 6: Chunguza valvu bila kufungua tumbo

Moto uko sawa, mashine bado inatema kwa mbele au haina nguvu. Sasa, na si kabla ya hapo, tunaishuku taimingi ya valvu.

Fungua kifuniko cha valvu. Zungusha flaiwili na utazame. Ekzosi inafunguka, inafunga. Karibu na topu, ekzosi inamalizia kufunga huku inteki inaanza kufungua. Simamisha T mbele ya mshale wakati huohuo. Valvu zote mbili ziwe zimefunguka kidogo tu, karibu sawa. Kama T imefika na inteki imeshafunguka sana, gia imetangulia. Kama ekzosi bado iko wazi na inteki haijacheza, gia imechelewa.

Zungusha tena mzunguko mmoja kamili. Hapo ndipo topu ya kompresheni: valvu zote zimefunga, fito zina ulegevu kidogo. Pima tapeti (ile nafasi iliyo juu ya shina la kila valvu) mashine ikiwa baridi: inteki milimita 0.15, ekzosi 0.20.

Mambo mawili yanayowadanganya mafundi hapa. Kwanza, wakati wa kompresheni utaiona ekzosi ikijinyanyua kidogo, halafu inarudi. Hilo si kosa. Ni kifaa kilicho kwenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kinachopunguza upepo ili kamba ivutike kirahisi. Pili, juu ya valvu ya ekzosi kuna kikofia kidogo cha chuma. Kikidondoka wakati wa kusaga valvu hakitafutwi, na ekzosi inabaki na ulegevu wa kutisha. Tazama kama kipo kabla ya kuanza kukaza tapeti.

Na msilaumu moto wa mara mbili: koili hizi hutoa cheche kila mzunguko wa flaiwili, hata pistoni ikiwa inatoa moshi. Kwa hiyo hakuna kitu kinachoitwa "flaiwili imefungwa mzunguko wa pili". Nimelisikia hilo likisemwa kwa kujiamini sana.

## Hatua ya 7: Nukta za gia

Kama hatua ya 6 imeonyesha gia imehama, mwaga oili, fungua kava la pembeni. Gia ndogo ya krenki ina nukta, gia kubwa ya kamshafti ina nukta. Zinatakiwa zitazamane uso kwa uso, si jino la jirani.

Jino moja lina uzito gani? Hesabu meno ya gia ndogo. Yakiwa 20, jino moja ni digrii 18 za krenki. Mashine inaweza kuwaka hivyo, ndiyo maana inamdanganya mtu, lakini haitavuta maji kupanda mlima.

Mashine ya tatu, ile ya waya uliobanwa, ilipopata moto ilianza kutema kwa mbele. Nukta zilikuwa zimekosana jino moja. Oili ilikuwa imezifunika, na aliyefunga alilinganisha nukta na kikovu cha zamani kwenye gia. Tangu hapo nazifuta kwa kitambaa na kuzipaka rangi ya kucha kabla ya kuzikutanisha.

Laza mashine upande ili vikombe vya valvu visianguke, ingiza kamshafti, kutanisha nukta, kisha zungusha krenki mizunguko miwili kamili. Zikirudi kutazamana, funga kava. Zisiporudi, ulihesabu vibaya. Kava lisipokaa lenyewe usilivute kwa bolti; gia ya plastiki ya gavana (kidhibiti mwendo) haijakaa, na itavunjika.

## Hatua ya 8: Kuwasha

Oili karibu lita 0.6, SAE 10W-30. Jaza maji kwenye pampu kwanza: ikizunguka kavu, sili yake inaungua. Washa.

Mashine iliyopona inawaka kwa mivuto miwili mitatu, kamba inarudi kwa upole wake. Sailensi, yaani mwendo wa chini bila mzigo, iko kwenye mizunguko 1,400 hivi kwa dakika, haipandi na kushuka. Silensa ni ya moto lakini si nyekundu hata ukiiangalia jioni. Baada ya nusu saa ya kazi, plagi ina rangi ya kahawia nyepesi.

Kama yote hayo yapo na mwenyewe bado analalamika kwamba haina nguvu kama ilivyoandikwa, mwambie ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake hapa bila kosa la fundi yeyote.

Kwa ringi mpya, saa za mwanzo usiipe mzigo wote, na oili ya kwanza ibadilishe baada ya saa 20. Siku ya pili, mashine ikiwa baridi, fungua kava la kamba uijaribu tena nati ya 19. Na kabla pampu haijapanda kwenye bodaboda kurudi shambani, tazama mwisho wa mpira wa kuvutia. Ukikuta kitambaa badala ya chujio, usiitoe dukani.